Mashine Imegoma

Lubna alibonyeza kitufe. Taa ya kijani ikawaka, feni ndani ya sipiyu ikazunguka kidogo kwa uvivu, kisha kila kitu kikazima. Akabonyeza tena. Taa, feni, kimya. Mara ya tatu hata feni haikujisumbua.

Alikuwa na mtihani saa nane mchana. Ulikuwa mtihani wa mwisho wa diploma ya ualimu wa chekechea, aliyoisomea kwa mtandao hapo hapo kisiwani, Faza, kwenye meza ya chumba cha nyuma, huku akifundisha watoto wa watu kwa mshahara wa msaidizi na jina la msaidizi. Mwaka uliopita mtandao ulikatika katikati ya mtihani huo huo. Chuo kikampa nafasi ya pili, kikamwambia wazi kwamba ya tatu hakuna. Wala mtihani wenyewe haukubali kufanywa kwenye simu. Unataka kompyuta yenye kamera, ili walioko Nairobi wahakikishe mtahiniwa hachungulii kitabu.

Siku ya nyani kufa, miti yote huteleza. Jana usiku mashine hiyo ilikuwa nzima kabisa. Aliizima mwenyewe baada ya kupitia masomo, akaifunika kitambaa cha kudarizi alichokishona bibi yake, Bi Zamzam, ambaye haamini kwamba kitu cha thamani kinafaa kukaa uchi ndani ya nyumba ya watu wenye heshima. Ilikuwa kompyuta kuukuu. Mumewe Fawaz aliipata kwenye hoteli anayofanyia kazi kule Manda, walipokuwa wakibadilisha vitu vya ofisini. Sipiyu yake ilikuwa nzito, rangi ya majivu, yenye matundu juu na ubavuni, na tangu iingie nyumba ile haikuwahi kumtia mtu aibu.

Alianza na yale anayoyajua. Alichomoa waya, akauchomeka. Alibadilisha soketi. Aliilaumu ekstenshoni, akaleta ya jikoni. Aliilaumu stima, akawasha feni ya dari, nayo ikazunguka kwa raha zake kana kwamba inamcheka. Alikishikilia kitufe kwa kidole mpaka kidole kikauma. Mwisho akaipiga sipiyu kofi. Dawa ya kofi haimo katika kitabu chochote cha mafundi, lakini nani asiyewahi kuijaribu?

Haikusaidia kitu. Akampigia simu Abdulkadir, binamu yake anayefanya kazi katika duka la kompyuta Mombasa.

Abdulkadir ni kijana mwema, ila ana maradhi ya mafundi wengi: anaamini mwanamke na waya hawajawahi kukutana. Swali lake la kwanza lilikuwa kama amechomeka. Lubna akasema amechomeka. Abdulkadir akamwomba aangalie tena, maana watu husahau. Lubna akaangalia tena, si kwa kuwa alisahau bali kwa kuwa alimhitaji. Kisha Abdulkadir akasema angoje kidogo, na Lubna akakaa na simu sikioni akisikiliza binamu yake akimuuzia mtu chaja, mtu akilalamika bei, Abdulkadir akiapa kwamba kwa bei hiyo hapati hata faida ya chai. Aliporudi kwenye simu aliuliza, "Enhe, umeshachomeka?"

Lubna akasema, kwa mara ya tatu, kwamba amechomeka.

Akaambiwa achomoe kila kitu, kibodi, kipanya, printa, abaki na skrini peke yake. Akachomoa. Akabonyeza. Hapakuwa na taa sasa, achilia mbali feni. Akaambiwa basi hapana budi ifunguliwe ubavu. Na hapo bisibisi haikuonekana. Alijaribu kwa ncha ya kisu cha jikoni, ncha ikapinda. Alipindua sanduku la Fawaz la vyombo vya injini ya boti, akapaka nguo grisi, akaipata bisibisi chini kabisa. Skrubu nazo zilikuwa zimeshikwa na kutu, kama kila chuma cha kisiwa hiki. Ya kwanza ilimchuna kiganja. Alikaa sakafuni akijilamba damu, na akahisi machozi ya hasira yakimpanda, yale ambayo mtu hata hayaonei haya.

Katika kusukumana na skrubu ya pili alipiga hesabu ya njia nyingine. Boti ya kwenda Amu, yaani Lamu mjini, ilikuwa imeondoka mapema, na boti ya kukodi ingemfikisha mtihani ukiwa umekwisha. Shule ya msingi ina kompyuta, lakini ni likizo, na mwalimu mwenye funguo alikuwa amevuka kwenda Mkokoni kwenye msiba. Palibaki nyumba moja tu, ya Bi Ummu, mtaa huo huo, hatua chache kutoka mlangoni kwao. Mwanawe Faiz anafanya kazi katika ofisi ya serikali, na nyumbani ana kompyuta mpya, kamera juu yake, mtandao wake mwenyewe.

Lakini mlango wa Bi Ummu kwao ulikuwa kama ukuta.

Bi Zamzam huandika kombe. Alifundishwa na marehemu babake, mwalimu wa chuo cha Kurani kule Amu alikozaliwa kabla ya kuletwa Faza kwa ndoa: aya huandikwa kwa wino wa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya marashi, na mwenye haja akayanywa. Wajawazito wa Faza humjia, na wagonjwa, na watoto kabla ya mitihani. Basi miaka mingi iliyopita, harusini, mbele ya wanawake wa mji mzima, Bi Ummu alisema kwa sauti ya kusikika kwamba kombe la Zamzam halina tofauti na zafarani ya pilau. Bi Zamzam aliinuka, akatafuta viatu vyake, akaondoka kabla ya chakula. Tangu siku hiyo wanawake wale wawili hupishana njiani kila mmoja akitazama ukuta wake, na Bi Zamzam ameapa kwamba mguu wake hautakanyaga kizingiti cha Ummu labda wambebe. Lubna aliiwaza nyumba hiyo, akaiacha hapo hapo.

Bi Zamzam mwenyewe alikuwa uani akichagua mchele. Kelele zote za chumba cha nyuma zilimfikia, na utulivu wake ulimchoma Lubna zaidi ya skrubu. Kila Lubna alipopita kwenda kutafuta kitu, mzee aliuliza kama imeamka, akiambiwa bado, akajibu kwa upole wa mtu anayejua siri ya Mungu.

"Usitie hofu, mwanangu. Leo mashini hiyo haina la kuidhuru."

Skrubu ya mwisho ilitoka. Lubna alivuta ubao wa ubavuni, akaelekeza kamera ya simu ndani ili Abdulkadir aone.

Harufu ndiyo iliyomfikia kwanza. Marashi. Nyumba yao haikosi harufu hiyo, kwa hiyo asubuhi nzima hakuijali, lakini sasa ilimpiga usoni ikitoka ndani ya chuma. Kisha akaona rangi. Kutoka kwenye matundu ya juu michirizi ya manjano ilikuwa imeshuka hadi kwenye ule ubao mkubwa wenye nyaya, ikapita juu ya vijibao vya kumbukumbu, na pembeni, karibu na pale stima inapoingilia, palikuwa na kidimbwi kidogo ambacho hakijakauka.

Abdulkadir aliuliza ni nini hicho, juisi? Lubna aligusa kidimbwi kile, akanusa kidole. Abdulkadir akasema, sasa bila ya utani wowote, asiibonyeze tena, maana kila alipoibonyeza ikiwa majimaji alikuwa akizidi kuiunguza. Ikisafishwa kwa spiriti na kukaushwa siku kadhaa huenda ikapona, huenda isipone. Lakini leo asahau. Alisema pole, na alisema kwa dhati. Mteja akamwita, akakata simu.

Lubna alikwenda uani, bisibisi ingali mkononi.

"Bibi, umetia nini ndani ya mashini yangu?"

"Kombe," akasema Bi Zamzam, kama mtu anayesema chumvi.

Hakuficha neno. Usiku alikuwa amemletea Lubna bakuli la kombe la mtihani, akamwambia anywe lote. Lubna, macho yake yakiwa kwenye skrini, alipiga mafunda mawili, akasema atamaliza baadaye, na baadaye yake ikawa usingizi. Baada ya sala ya alfajiri Bi Zamzam alilikuta bakuli mezani, zaidi ya nusu limebaki. Na kombe halimwagwi ovyo. Maneno ya Mungu hayatupwi mahali ambapo miguu ya watu inapita. Asiyelimaliza mwenyewe, hupewa mwingine mwenye haja. Bi Zamzam aliangaza macho nyumba nzima kumtafuta mwingine mwenye mtihani, hakuona ila mashine. Akaifunua, akaanza na bismillahi, akainywesha kwa kijiko kupitia yale matundu ya juu, kidogo kidogo, ili isipaliwe. Kisha akaifunika kitambaa chake vizuri.

Laiti angefanya kwa uovu, Lubna angejua pa kuipeleka hasira yake. Lakini alikuwa amefanya kwa mapenzi, na hasira iliyozuiwa na mapenzi ni mbaya kuliko zote. Lubna akasema lile ambalo hakutaka kulisema.

"Umeniharibia, Bibi. Kombe lako limeniharibia kila kitu."

Bi Zamzam aliweka ungo chini. Uso wake ulikuwa mkavu.

"Langu? Mimi nalikuandikia wewe. Ungalilinwa lote, lingalisaa?"

Ndiyo, kama angalikunywa lote, lisingalibaki hata tone. Ilikuwa kweli tupu, tena kweli isiyomfaa mtu kitu saa hiyo. Alirudi chumbani, akajifungia, akaketi mbele ya ile maiti ya chuma iliyofunguliwa ubavu, akalia kwa sauti. Alilia kwa ajili ya mwaka mzima wa kukesha, na kwa ajili ya mafunda mawili. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imekwisha zamani. Saa ya ukutani ilikuwa ikielekea saa nane kana kwamba ina haraka ya kufika harusini.

Mlango ukagongwa. Bi Zamzam alikuwa amesimama kizingitini amevaa buibui, viatu mguuni.

"Vaa," akasema. "Tutoke."

Lubna alidhani wanakwenda kumtafuta mtu mwenye ufunguo wa pili wa shule, kama yupo. Alijitupia buibui, akachukua kitambulisho na kalamu, akamfuata. Bi Zamzam hatembei haraka siku hizi, goti moja linamsumbua, lakini siku hiyo alitembea mbele. Walipofika kwenye mlango wa Bi Ummu, Lubna alingoja aone mzee akigeuza uso ukutani kama desturi yake. Bi Zamzam akasimama. Lubna akamshika mkono, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba si lazima, wataona njia nyingine.

"Iko wapi hiyo ndia?" akauliza Bi Zamzam. "Lisilo budi hutendwa." Akagonga.

Alifungua Bi Ummu mwenyewe, kanga kichwani, mkono mmoja una unga. Wanawake wale walitazamana. Miaka yote ile Lubna hakuwahi kuwaona wakitazamana usoni, na sasa akaona kwamba wote wawili wamezeeka.

Bi Zamzam hakutoa salamu ndefu.

"Nimemharibia mwana mashini yake, Ummu, na leo ana mtihani. Nimekuya kuomba ya Faiz."

Bi Ummu alifuta unga kwenye kanga. "Umeiharibu na nini?"

Lubna aliomba moyoni bibi yake aseme maji. Aseme chai. Faza nzima ingekubali chai, na hakuna ambaye angeuliza zaidi. Kwa neno hilo moja angeokoka na aibu ambayo Bi Ummu alikuwa amemwandalia miaka yote ile pasi na kujua.

"Na kombe," akasema Bi Zamzam. "Kombe langu."

Lubna alifungua kinywa aseme kwamba kosa ni lake, kwamba yeye ndiye aliyeliacha bakuli, kwamba mzee ameshika sheria tu. Hakupata kusema. Chini ya buibui mkono wa Bi Zamzam ulimfinya, ukamfinya kwa kucha.

Neno lilikuwa tayari mdomoni mwa Bi Ummu, Lubna aliliona likija, neno tamu la kushinda, ambalo kesho lingekuwa limefika hadi mji wa Siyu. Bi Ummu alimtazama Bi Zamzam kutoka usoni hadi miguuni, kwenye vile viatu vilivyofika kizingiti ambacho viliapiwa visifike. Kisha akasogea kando.

"Ingieni," akasema. "Mtoto anachelewa." Akageuka ndani kumwita Faiz aondoe vitu vyake mezani.

Kompyuta ya Faiz iliwaka kwa mbonyezo mmoja, bila ya kubembelezwa. Lubna aliingiza nambari yake ya mtihani, kamera ikamtambua, saa ya skrini ikaanza kurudi nyuma. Nyuma ya mlango uliorudishwa alisikia kiti kikiburutwa, kisha cha pili. Alijibu swali la kwanza mkono ukimuuma pale alipofinywa.