Morfini, Mafuta ya Nyonyo na Shamba la Mama

Miguu ya Mwaisha ilikuwa inawaka moto, na mjomba wake Mwinjuma alikuwa anausubiri moto huo ummalize. Mwaisha alilijua hilo, wala hakuhitaji kuambiwa na mtu. Kansa ya titi ilishaondoka. Dripu zilizoifukuza ndizo zilizomwachia nyayo hizi, mara ganzi, mara kama anakanyaga makaa. Na shamba la marehemu mama yake liko kule chini, kwenye mteremko wa Mgeta unaomtoa jasho hata mbuzi.

"Shamba la ukoo halikai pori msimu mzima," mjomba alitangaza. "Ijumaa tunakutana palepale. Asipofika kulima, anapewa mwingine."

Mwingine mwenyewe nani? Hafidhi, mtoto wake wa kumzaa! Jamani, watu wana macho makavu.

Mwaisha hakulia. Nesi Ester wa hospitali ya mjini alikuwa anampa morfini ya maji, dawa kali ya maumivu, na jioni dada yake Sabra alimkanda nyayo kwa mafuta ya nyonyo. Morfini peke yake ilimlaza kutwa nzima. Kukandwa peke yake kulimpa nafuu ya kufumba na kufumbua. Basi akavishika vyote viwili, akaenda kumweleza Ester bila kuficha, hata mizizi aliyokuwa anachemsha. Ester akamwambia mizizi aache, hakuna ajuaye itagombana vipi na morfini. Kukandwa aendelee. Na asitembee peku, maana mguu wenye ganzi hukatwa usijue. Baadaye daktari akapunguza dozi. Usingizi ukapungua, na kwa kukandwa moto nao ukapungua. Haukuisha, lakini alipata pa kuanzia.

Ijumaa Sabra alimkanda asubuhi. Mwaisha akavaa soksi nene na mabuti ya mvua, akateremka na fimbo, Sabra nyuma yake na kikapu, akipumzika kila alipotaka. Akawakuta wazee wa ukoo wamekaa, Hafidhi ameshika jembe.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekuja na mabuti?" Mjomba akacheka. "Na yale maji yako ya mateja?"

"Nimekuja nayo."

Saa ya dawa ilikuwa imefika. Akatoa chupa kwenye kikapu, akamimina kipimo chake, akanywa mbele ya wote, akajifuta mdomo. Teja gani anayepimiwa na nesi? Kisha akamnyang'anya Hafidhi jembe, akalima tuta zima, polepole, meno ameyauma. Hakuna aliyethubutu kumpokea.

Alipomaliza akageuka, jasho linamtiririka.

"Mjomba, heshima yako iko palepale. Lakini sisi Waluguru ardhi yetu inapita kwa mama. Hili ni la mama yangu, na la bibi aliyemzaa. Hafidhi ana ukoo wa mama yake. Akaombe shamba kwa wajomba zake!"

Mzee mmoja akakohoa kuficha kicheko. Mjomba akatazama chini. Hafidhi akaanza kupanda mlima, mikono mitupu.

Miguu ilikuwa bado inawaka. Mwaisha akaingia tuta la pili, akamwita Sabra alete mbegu za njegere.