Faili la Mama Hung

Tangu asubuhi ukurasa wa mafaili ulikuwa umegoma. Kila aliyeufungua ili achague picha za marehemu wake aliona kiduara kikizunguka, kikizunguka, kisha weupe mtupu. Nyumba hii ya mazishi ya mji wa Chiayi, Taiwan, ilikuwa na familia tatu zenye ibada ya kuaga Ijumaa, kwa saa iliyoteuliwa na mpiga falaki, na saa ya namna hiyo haisogezwi hata dakika. Simu zililia mpaka Pei-chun, fundi pekee wa tovuti, akatamani kuzitupa chooni.

"Umeshazima ukawasha?" bosi wake, Lai, alimuuliza kwa mara ya nne.

"Bosi, nikizima tena itabidi mashine yenyewe tuifanyie ibada."

Alikuwa amelaumu mtandao, kisha seva, kisha marekebisho ya juzi, na vyote havikuwa na hatia. Mwishowe aliingia kwa mlango wa nyuma wa tovuti, ule wa mafundi, akayapanga mafaili kwa ukubwa. La kwanza lilimtoa macho: gigabaiti sitini na moja. Video moja tu, yenye urefu wa saa nane na dakika sita. Kila mtu alipofungua ukurasa, mashine ilijaribu kuimeza yote ili itengeneze picha ndogo ya kuiwakilisha, ikapaliwa, na wengine wote wakakosa huduma.

Mwenye video alikuwa Hung Kuo-tung, fundi pikipiki, aliyefiwa na mama yake wiki iliyopita. Pei-chun alimpigia, naye akaja mbio, vidole vingali na grisi.

"Ni ile ya kumsindikiza Mama," alisema. "Dada yangu Hsiu-lan yuko Kanada, hakupata ndege ya kumwahi. Anataka akae na Mama saa zote nane kabla hatujamchoma."

Pei-chun alielewa. Bibi yake mwenyewe alisindikizwa hivyo: mtu akikata roho haguswi wala hasogezwi, wanawe wanakaa kando ya kitanda wakitaja jina la Buddha kwa saa nane mfululizo, na ni marufuku kulia, maana anayeondoka bado anasikia, na kilio humrudisha nyuma.

"Nitaipasua vipande kumi na sita vya kama nusu saa," alisema. "Hivyo mashine itavimeza bila shida."

"Usiikate, dada. Kitu hiki hakikatizwi."

"Sikikatizi, Bwana Hung. Ataviangalia kwa mfuatano, haitapotea hata sekunde moja."

"Nakuomba."

Pei-chun alidhani ni uchaji tu, akamhurumia. Lakini familia nyingine mbili zilikuwa zinasubiri, na Lai alikuwa amesimama mlangoni amekunja mikono. Akaipasua.

Ukurasa ukafunguka. Lai alishusha pumzi, akaenda kuwapigia wateja simu. Picha ndogo kumi na sita zikajipanga kwenye skrini, moja kwa kila kipande: kitanda, uso wa mama, na kiti alichokalia Kuo-tung, tasbihi mkononi. Kuanzia ya tisa hadi ya kumi na mbili, kiti kilikuwa kitupu.

Pei-chun aliona aibu kama mtu aliyefungua mlango wa bafu lenye mtu ndani. Kumbe ndiyo sababu aliombwa. Jambo lililokuwa limejificha ndani ya video ndefu, yeye kaja kalianika juani. Alikimbilia kuzificha zile picha, lakini maji yalishamwagika. Simu ya Kuo-tung iliita, akaipokea kwa spika. Kanada ilikuwa jioni, na Hsiu-lan alikuwa akiujaribu ukurasa ule kila baada ya dakika tano.

"Kaka, ulikwenda wapi?" Hakusalimu.

"Hsiu-lan…"

"Nimehesabu. Ulimwacha Mama peke yake saa mbili nzima, halafu ukaniambia hukunyanyuka hata kwenda kukojoa."

Pei-chun, akijilaumu kwa moyo wote, alifungua kipande cha kumi na kuongeza sauti, akitumaini kulikuwa na jamaa mwingine chumbani asiyeonekana kwenye picha. Kwanza kimya. Kisha, kwa mbali, nyuma ya ukuta, mwanamume analia, akikwama na kuanza upya kama mtu anayetapika.

"Ni mimi," Kuo-tung alisema. "Nilikuwa kwenye ngazi. Nilijikaza saa nne, nikashindwa. Nisingeweza kulia mbele yake."

Hsiu-lan naye alikuwa amekifungua kipande hicho. Kilio kile kile kilitoka kwenye simu, kimechelewa kidogo. Aliposema tena, hasira ilikuwa imekwisha, na afadhali ingebaki.

"Kaka, simu ya kurekodia uliiweka wapi?"

"Mezani. Karibu na mto wake."

"Basi na Mama alisikia."

Kuo-tung aliitazama skrini. "Nilifunga mlango," alisema. Kisha akamgeukia Pei-chun, kana kwamba hilo nalo fundi angeweza kulirekebisha. "Dada, nilifunga mlango."