Kadi ya Chini

Binti aliweka mkono wake wa kushoto juu ya meza yangu, akakunja mkono wa blauzi hadi kiwikoni, na hapakuwa na jeraha. Palikuwa na makovu tu, yale niliyoyajua moja moja, mengine nikiwa nimeyaosha mwenyewe yakiwa bado mabichi. Nilimtazama kama mtu aliyeletewa sahani tupu.

"Leo nimekuja kabla, sista," alisema.

"Kabla ya nini?"

"Kabla." Alimeza mate. "Mshauri wa kliniki aliniambia nisingoje mpaka nijikate. Nikihisi yanaanza, nije. Basi yameanza. Tangu asubuhi mchumba wangu hapokei simu. Najua ni kitu kidogo."

Ilikuwa saa tisa alasiri, na foleni ilikuwa imefika mlangoni. Kazi yangu katika idara ya dharura ni kuamua nani atangulie kwa daktari. Ni kazi ya macho: natazama damu, pumzi, rangi ya midomo. Nimeifanya miaka kumi na tisa, na macho yangu yameota sugu. Daktari wa akili alikuwa ameandika katika faili la binti yule kwamba hisia zake hupanda na kushuka bila breki, na kwamba kuachwa kunamtisha kuliko kufa. Sisi wa mapokezi hatukuwa na subira ya maelezo marefu. Tulimwita Mteja, kwa jinsi alivyorudi mara kwa mara.

"Sasa nikuandike unaumwa nini?" nilimuuliza. "Hapa wanataka jeraha."

"Andika nimekuja."

Nikaandika saa, nikaiweka kadi yake chini ya nyingine zote. Huo ndio uliokuwa utaratibu wetu juu yake, ingawa hakuna aliyefundishwa chuoni: kila mgonjwa mpya alipofika, kadi yake iliwekwa juu, na ya Mteja ikabaki palepale chini. Akija anavuja damu, angalau tulimshona. Bila damu sikujua nimfanye nini, na kutojua kukanikera.

Alikuja dirishani mara mbili. Mara ya kwanza alisema, "Sista, bado nipo." Nikamjibu, "Nakuona," huku nimeinamia kadi ya mzee mwenye kikohozi. Mara ya pili alikaribia zaidi. Alisimama tu, vidole vimeng'ang'ania ukingo wa dirisha, kisha akarudi kukaa. Saa kumi na moja nilipoinua kichwa, kiti chake kilikuwa kitupu.

"Mteja kachoka," nilimwambia mwenzangu.

"Au mchumba kapokea simu," akajibu.

Tukacheka. Sitaki kudanganya: nilijihisi nimetua mzigo.

Haikupita saa moja, mama yake akaingia naye, mkono umezongwa taulo lililokuwa jeupe. Niliwapeleka mwenyewe chumba cha kushonea. Tabibu alilifungua taulo, akaanza kushona. Binti alitazama ukuta.

"Umenidanganya," mama alimwambia mwanawe. "Uliniaga unakuja hospitali. Nikatulia, nikasema leo mwanangu yuko mikononi mwa watu. Hata usingizi ukanichukua kidogo. Kumbe hukufika!"

Binti hakujitetea. Ningeweza kunyamaza. Katika chumba kile waliojua ni mimi na yeye tu, naye alishazoea kuitwa mwongo. Alikuwa tayari kunifichia aibu yangu, na hilo liliniuma kuliko kama angenisema.

"Alifika, mama," nilisema. "Saa tisa. Mimi ndiye niliyempokea."

Mama aligeuka. "Mkampa nini?"

"Kiti," nilisema.

Sindano ya tabibu ilisita, kisha ikaendelea. Nilitegemea mama anitukane, na ningeshukuru. Lakini alijifuta macho kwa kiganja, akauliza kwa sauti ya mtu aliyechoka kwelikweli, "Na siku nyingine yakimwanza, nimlete wapi?"

"Mlete kwangu."

Kwa mara ya kwanza binti aliuacha ukuta, akanitazama. "Na siku ambayo huna zamu?"

Sikuwa na la kumpa ila ratiba yangu. Nikaanza kumtajia siku ninazokuwa kazini. Jumatatu. Jumanne. Jumatano. Alhamisi. Alizirudia kimyakimya baada yangu, midomo ikicheza, kama mtoto aliyetumwa dukani na anaogopa kusahau. Nilipofika Ijumaa nilikomea, kwani tangu siku hiyo hadi Jumapili sina zamu. Midomo yake ikatulia, naye akaendelea kuningoja.