Wageni wa Jumba la Meza

Nchi ya Sembeya ilikaa kati ya milima isiyokuwa na madini na mto usiokuwa na dhahabu, na kwa sababu hiyo watu wake walikuwa wamejifunza tangu zamani kujivunia kitu kimoja ambacho hakuna mgeni aliyewahi kukitamani kiasi cha kuwapora, nacho ni kula pamoja. Mji wake mkuu, Ng'aro, ulipanda mlima kama ngazi. Juu kabisa, penye upepo mwanana na maua ya kumwagiliwa hata wakati wa kiangazi, waliishi watawala. Chini kabisa, penye moshi na kelele, ulijibana mtaa wa Makaango, uliokuwa na vibanda vya chakula vingi kuliko nyumba za kulala. Watawala hao waliitwa Wanameza. Katiba ilieleza kwamba jina hilo lilitokana na meza ndefu ya mti mweusi walipokaa kuamua mambo ya nchi. Watu wa Makaango, waliokwisha kuona mashamba ya taifa, gati ya mtoni na hata reli ya kwenda mpakani vikiingia kwenye meza hiyo visitoke tena, walisema Katiba imekosea sarufi, kwamba neno hilo si jina, ni kitenzi.

Mkuu wao alikuwa Mtukufu Dundula, mtu wa sauti laini, laini kama ya mtu ambaye tangu azaliwe hajawahi kuita mara mbili. Alikula mara nyingi kwa siku na hakuwahi kuonekana akishiba. Wapishi wake, watunza bustani wake, wafua nguo wake na askari wa lango lake wote walipanda mlima kila asubuhi wakitokea Makaango, matumbo yao yakiwa ya moto kwa uji na supu, na huko juu hakuna aliyewahi kujiuliza nguvu za kuinyanyua siku ile zilitoka wapi.

Zilitoka, nyingi kati yake, kwa Bi Sikudhani. Kibanda chake kilikuwa cha mabati, na mabenchi yake yalikuwa yamelainishwa na makalio ya vizazi viwili, maana alikirithi kutoka kwa mama yake pamoja na masufuria, madeni ya shukrani na ulimi mkali. Alipika mtori wa ndizi na nyama, maharage ya nazi na chapati zilizochambuka zenyewe kabla hazijaguswa, lakini waliomfuata hawakufuata chakula peke yake. Hapo ndipo wafiwa walipopanga mazishi, ndipo mafundi walipoitana kazini, ndipo ndugu walionuniana walipojikuta wamebanana benchi moja, wakaishia kupitishiana chumvi. Mtu akikaa kimya mno, Bi Sikudhani alimwongezea mchuzi bila kumuuliza, kisha akasimama karibu naye hadi aseme.

Basi asubuhi moja vipaza sauti vya mji vilikohoa, na sauti laini ya Mtukufu ikashuka mlimani. Alisema moshi wa Makaango unapanda hadi kwenye mapazia ya wageni wa taifa. Alisema ni aibu, katika zama hizi, mwananchi kula amekalia ubao kama kuku. Kwa hiyo vibanda vyote vya chakula vitafungwa, na mahali pake taifa litajenga jumba moja la vioo, Jumba la Meza, lenye jiko moja na ladha moja. "Jumba hili," alimalizia, "si langu. Ni lenu nyote. Milango yake haitamkataa mtu." Hakusema kwamba mjenzi wa jumba, mwenye jiko na mwenye ladha alikuwa shemeji yake. Hakuwa na haja ya kusema, kwa sababu kila mtu alijua.

Aliyetumwa kufunga vibanda alikuwa Tegemeo Lulida, bwana afya wa mji, kijana wa suti iliyopigwa pasi hadi ikawa na makali. Alizaliwa Makaango. Mama yake alipofariki, yeye akiwa bado na meno ya utoto, alilelewa na mtaa mzima, na zaidi ya wote na sufuria la Bi Sikudhani. Alifika na askari, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Tege, mwanangu," Bi Sikudhani alimwita, kijiko kikubwa mkononi. "Umekuja kula au umekuja kufunga?"

"Shikamoo, mama. Nimetumwa."

"Marahaba. Sikukuuliza nani kakutuma. Nimekuuliza umekuja kufanya nini."

Tegemeo alitazama viatu vyake. "Kufunga, mama."

"Basi kaa ule kwanza. Huwezi kufanya kazi kubwa namna hiyo na njaa."

Wateja walicheka, ila yeye hakucheka. Harufu ya mtori ilimwingia puani, ikateremka mpaka mahali ambapo suti haikufika, na kwa kitambo kidogo mdomo wake ulilegea kama wa mtoto. Kisha akageuka, akawapa askari ishara. Walibeba masufuria, wakamwaga mchuzi kwenye mtaro, wakang'oa mabati. Bi Sikudhani hakulia wala hakupiga kelele. Alisimama katikati ya barabara ameshika kile kijiko mpaka ubao wa mwisho ulipopakiwa kwenye gari, na Mavumba, mchukuzi wa sokoni ambaye alikuwa hajamaliza bakuli lake, alimalizia kulinywa mbele ya askari, taratibu, akiwatazama usoni.

Jumba lilipanda haraka, na Makaango ikanyamaza. Watu walikula kila mmoja kwao, wamesimama, mihogo iliyopoa na chai ya harakaharaka. Waliofiwa hawakujua wakutane wapi. Ugomvi mdogo ulianza kukaa miezi, kwa kuwa hapakuwa tena na benchi la kuubana. Mavumba, mtu aliyekuwa akibeba magunia huku akiimba, alianguka sokoni chini ya gunia la mchele, na alipozinduka aliona haya kusema kwamba tangu jana hakuwa ametia kitu tumboni. Mwuza supu wa jirani, mzee Shomvi, alihamia kwa binti yake upande wa pili wa mto, akafa huko kabla hajazoea. Walimzika wachache, wakatawanyika makaburini kama watu wasiojuana. Jioni ile Bi Sikudhani alikaa kwenye kiwanja kitupu kilichokuwa kibanda chake, na ndipo alipolia.

Tegemeo alimkuta hapo. Safari hii hakuja na askari.

"Mama, nimekuombea kazi Jumbani," alisema. "Utavaa sare nyeupe. Mtori wenyewe unakuja wa unga kwenye mifuko, kazi yako ni kutia maji ya moto tu."

Bi Sikudhani alifuta uso kwa kanga. "Na mtu akiingia amefiwa?"

"Atatoa oda kama wengine."

"Na asipokuwa na hamu ya kula?"

Tegemeo alianza kunyoosha makali ya suruali yake.

"Shomvi amekufa akiwa mgeni, Tege. Mtu aliyewalisha watu tangu mimi sijaolewa. Nenda kawaambie wakuu wako sitaki sare." Aliinuka, akakung'uta vumbi. "Lakini kula, nitakuja kula. Si walisema ni letu?"

Siku ya ufunguzi jua lilikuwa utosini. Kwenye ukumbi wa vioo ile meza ndefu ya mti mweusi ilikuwa imeshushwa kutoka ikulu, ikapambwa maua, ikisubiri Wanameza na wageni wa kutoka nchi za mbali. Wa kwanza kufika, hata hivyo, walikuwa watu wa Makaango. Walikuja wameoga, wamevaa nguo za sikukuu, wachukuzi, mafundi, wauguzi waliotoka zamu, wajane na wazee wa mikongojo, Bi Sikudhani mbele na Mavumba nyuma yake. Hawakusukuma mtu. Askari wa mlangoni aliwanyooshea mkono wasimame.

"Mna mwaliko?"

"Ulitangazwa mji mzima," Mavumba alisema. "Au wewe hukusikia? Milango haitamkataa mtu. Unataka kusema Mtukufu ni mwongo?"

Askari yule hakutaka kusema hivyo mbele za watu. Wakaingia. Walikaa kwenye kila kiti, wakajaa kwenye ile meza ndefu yenyewe, bega kwa bega, wakaweka mikono yao migumu juu ya mti mweusi. Mhudumu mmoja alimsogelea Bi Sikudhani.

"Niwaletee nini, shangazi?"

"Mtori."

"Upo wa unga."

"Basi tutasubiri ulio wa ndizi."

Kila mhudumu aliyepita aliambiwa maneno hayohayo kwa adabu ileile, na hakuna aliyeinuka. Jikoni, wapishi walisimama na mifuko yao ya unga. Wote walikuwa wa Makaango. Wengine waliwaona mama zao kupitia kioo, wamekaa wima kama watu wanaopigwa picha. Mpishi mmoja alivua kofia yake ndefu, akaiweka chini, akatokea mlango wa nyuma kwenda sokoni. Wenzake wakamfuata. Walirudi na mikungu ya ndizi, nyama na kuni, na Bi Sikudhani akainuka, akakunja mikono ya gauni, akaingia jikoni bila kuitwa. Muda si mrefu moshi ulitanda ukumbini, ukachora vioo vyote kwa weusi, na harufu ikatoka milangoni ikapanda mlima.

Mtukufu Dundula alifika wakati mabakuli ya kwanza yanagawiwa, na waliokosa viti wamepanga foleni mbele ya jiko. Alisimama mlangoni na Wanameza wake na wageni wake, akatafuta kiti kwa macho, asikione. Ikasikika sauti laini, na kwa mara ya kwanza ililazimika kurudia.

"Waondoe," alimwambia Tegemeo. "Nimesema, waondoe!"

Tegemeo alimtazama, kisha akatazama ukumbi. Alivua koti la suti, akalikunja vizuri, akalitundika kwenye kitasa cha mlango. Akaenda kusimama nyuma ya bibi mmoja aliyekuwa wa mwisho kwenye foleni ya jikoni.

"Nilimwaga mchuzi wako, mama," alisema kwa sauti ambayo wote waliisikia.

"Najua," Bi Sikudhani alijibu kutoka jikoni. "Utakula, na ukimaliza utaosha vyombo." Kisha akatokea kwenye mlango wa jiko, akamgeukia Mtukufu, ambaye tumbo lake, wanasema waliokuwa karibu, lilinguruma. "Nawe karibu, baba. Humu hatumnyimi mtu. Ila foleni inaishia kule."

Alionyesha kwa kijiko. Watu wa uwanjani waliovutwa na harufu walikuwa wamejipanga nyuma ya Tegemeo, na foleni ilikuwa imetoka mlangoni, imeshuka ngazi, imepinda kuzunguka uwanja. Mtukufu aliitazama bila kusogea mguu mbele wala nyuma, na wageni wa mbali, mmoja baada ya mwingine, wakaanza kumpita kwa heshima kwenda kutafuta mwisho wake. Huko mbali, chini ya kivuli cha mlima, vilisikika viatu vya jeshi vikija kwa mwendo wa pamoja. Hakuna aliyejua vimeitwa na amri au vimeitwa na harufu. Ukumbini baadhi ya watu waliacha kutafuna. Mavumba alisogea kwenye kiti chake, akaacha nafasi ya mtu mwingine kukaa.

Bi Sikudhani alisikiliza, akafunika sufuria, akafunua tena.

"Ongezeni maji kwenye mchuzi," aliwaambia wapishi. "Wageni wanakuja."