Kijani cha Gauni la Dada

Mpiga picha, bibi wa miaka sabini, aliingia ukumbini siku ya kufunguliwa maonyesho yake akasimama kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Ukutani waliandika kwa herufi kubwa kwamba yeye ndiye wa kwanza nchini kuleta rangi kwenye sanaa ya picha. Chini ya maneno hayo walitundika picha yake maarufu ya dada yake aliyevaa gauni la kijani. Nao wameichapa nyeusi na nyeupe!

"Tumeipa hadhi, mama," mkurugenzi wa ukumbi alisema, akitabasamu hadi jino la mwisho.

Hadhi kitu gani! Miaka arobaini nyuma ukumbi huu huu ulimrudishia picha hiyo, ukamwambia rangi ni za matangazo ya sabuni. Na kijani kile kilimtoa jasho. Siku nne alijifungia kwenye chumba cha giza cha kusafishia picha, akichapa na kutupa, akitoka hadi kwenye mwanga wa dirisha kulinganisha kila karatasi na kipande cha kitambaa alichokikata kwenye pindo la gauni lenyewe. Dada mtu alimnunia mwezi mzima.

"Gauni hili lilikuwa rangi gani?" bibi akamuuliza mkurugenzi.

Mkurugenzi akaikodolea macho picha. "Kijivu?"

Bibi akafungua mkoba, akatoa kile kipande, kijani vilevile, akakipachika kwa pini juu ya gauni la kijivu. Watu wakamwacha mkurugenzi na hotuba yake mkononi, wakasogea kutazama.

"Haya," bibi akasema, "sasa maonyesho yangu yamefunguliwa."