Tarehe ya Jezi Namba Moja

Ukurasa ulifunguka kwa vipande: kichwa cha habari, kisha picha ya goli lisilo na nyavu, mwishowe jedwali. Mhakiki wa umri alisubiri bila kugusa kipanya. Ofisi nzima ya chama cha soka ilimwita Kobe, naye hakuona kosa katika jina hilo. Kazi hii hakufundishwa na mtu. Alijifunza mwenyewe kupekua nakala za zamani za tovuti, zile ambazo mtandao huzihifadhi hata baada ya wenyewe kuzifuta.

"Bado tu?" Katibu alichungulia mlangoni.

"Bado, bosi."

"Si hilo hapo? Jezi namba moja, jina la yule kipa, tarehe ya kuzaliwa. Ukihesabu, ana miaka kumi na tisa, na mashindano ni ya chini ya kumi na saba. Cheti chake kimetolewa mwaka jana. Orodha ya wachezaji inatoka saa kumi, na barua ya kumfungia miaka miwili nimeshaichapa. Nasubiri mkono wako."

"Mkono upo, bosi. Macho ndiyo hayajamaliza."

Katibu akaenda zake akiguna. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na robo.

Jedwali lile la kituo cha soka cha vijana alikochezea kipa lilihifadhiwa miaka minne iliyopita, na timu pinzani ndiyo iliyolileta kama ushahidi. Lakini kwa Kobe nakala moja ilikuwa sawa na umbea. Alitaka iliyoitangulia. Akaitafuta, akaichapa, akaziweka karatasi mbili sambamba na kushuka mstari kwa mstari kwa rula.

Mwaka uliotangulia, jezi namba moja ilivaliwa na msichana mwingine kabisa. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa ileile. Akashuka hadi namba tano: majina mawili, tarehe moja. Namba kumi na moja, vilevile. Wachezaji walikuwa wamebadilika, siku zao za kuzaliwa zimebaki kana kwamba zimeshonewa kwenye jezi.

Chini ya ukurasa palikuwa na namba ya simu ya aliyeutengeneza, Kobe akampigia. Siku hizi alikuwa fundi wa printa.

"Ukurasa ule?" fundi alicheka. "Kaka, kila mwaka nilichukua wa mwaka uliopita, nafuta jina naandika jingine."

"Na tarehe?"

"Tarehe nani alikuwa anazisoma? Watu walikuja kutazama picha."

"Leo zinasomwa, ndugu yangu. Kuna mtoto anakaribia kufungiwa kwa sababu ya tarehe hizo."

"Niandikie unachotaka," fundi alisema, sasa bila kicheko. "Nitakiri kwa maandishi. Natuma sasa hivi."

Hata hivyo Kobe hakusimama kushangilia. Kujua kwamba tarehe ni ya uongo si kuijua ya kweli. Akatoka kwenye korido, ambako kipa alikaa na shangazi yake aliyemlea. Msichana alikuwa mrefu, magoti yake yakiziba njia.

"Baba, umetukalisha mpaka benchi limetuzoea," shangazi alisema.

"Nisamehe, mama. Alianza shule lini?"

"Akiwa na sita. Mwaka ule shule yao ilifungua tovuti, wakapigwa picha, wakatusumbua mtaa mzima."

"Urefu ndio umeniponza," kipa alinong'ona.

"Nilimkataza asirefuke. Hanisikii."

Kobe akarudi mezani. Tovuti ya shule ilikwisha kufa, ila nakala yake ilikuwepo, imehifadhiwa miaka kumi iliyopita. Picha ilichelewa kufunguka, naye akaisubiri. Darasa la kwanza, mstari wa nyuma: mtoto aliyewapita wenzake kwa kichwa kizima, akicheka mdomo wazi, meno mawili ya mbele hayapo. Jina lake lilikuwa chini ya picha. Akamwita Katibu.

"Kibogoyo huyu," Katibu alisema, akiinama.

"Angekuwa wa kumi na tisa leo, hapa angekuwa na tisa, meno mapya yameshaota. Na maelezo ya fundi yameingia, haya hapa. Cheti kilichelewa kutolewa, lakini hakidanganyi."

Katibu alisoma yote mara mbili. Kisha akaikunja barua yake, akaichana, akaingiza jina la kipa kwenye orodha kwa mkono wake mwenyewe. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano. "Kobe," alisema, "ningekuharakisha zaidi, ningemuumiza mtoto wa watu."

Kwenye korido kipa alipoambiwa aliteleza kutoka kwenye benchi, akaketi sakafuni, akavuta pumzi ndefu kama aliyeibuka majini.

"Inuka, unachafua sketi," shangazi alimwambia, lakini yeye mwenyewe akashuka akakaa pale pale kando yake, akijifuta macho kwa mtandio na kucheka.

Kobe aliwaacha hivyo. Moyo ulikuwa mwepesi, ila rula ilikuwa bado mkononi. Kama jedwali lile limemponza mmoja, huenda kuna mwingine. Akafungua kabati la majalada ya miaka iliyopita. Beki, jezi namba tano, alikataliwa mwaka juzi kabla Kobe hajaajiriwa. Ushahidi, ukurasa uleule.

Alikuwa amechapa nakala moja tu mlinzi alipogonga mlango, funguo mkononi. "Mzee, saa kumi na moja. Kesho haipo?"

"Ipo," Kobe alisema. Akaliweka jalada juu ya kibodi ili asubuhi alikute kabla ya kitu kingine chochote, akazima kompyuta.