Gauni la Kijani Katikati ya Jezi Nyekundu

Heulwen Prosser alikuwa na miaka hamsini na moja alipoanza kuishi kama mwanamke. Kabla ya hapo alikuwa mume wa mtu na kaka wa mtu, fundi wa meno ya bandia katika maabara moja ya Cardiff, na watu walimwita kwa jina la kiume ambalo siku hizi hata kulisikia hataki. Ufundi wa meno alibaki nao. Mengine aliyaacha, na mengine yalimwacha yeye.

Starehe yake kubwa ilikuwa burleski. Mara moja kwa mwezi, ghorofani juu ya baa moja kuukuu, wanawake wa kila umbo walipanda jukwaani na shanga zao na manyoya yao, wakavua glavu kidole kimoja kimoja, taratibu, huku wakiwatania watazamaji mpaka ukumbi mzima unapasuka kwa vicheko na vigelegele. Mle ndani Heulwen hakukodolewa macho na mtu. Alisifiwa gauni, akasogezewa kiti, na kulikuwa na bwana mmoja mzee aliyemwita "mrembo wangu" kila mwezi bila kukosa.

Tabu ilikuwa njia ya kufika. Mwaka uliotangulia, mchana kweupe, kijana asiyemjua alimpiga ngumi ya shavu kwenye kituo cha basi, kisha akaondoka zake anatembea. Hakukimbia hata. Mfupa uliunga, lakini tangu siku ile Heulwen hakuweza kusikia kicheko barabarani bila kusimamisha pumzi kwanza, asikilize kama ni yeye anayechekwa.

Jumamosi moja ya mwezi wa pili alimpigia simu Meinir, jirani yake, ambaye ndiye aliyekuwa mwenzake wa matembezi.

"Leo siendi, Meinir. Kuna mechi ya raga."

"Raga iko uwanjani, shosti. Sisi tunaenda kwingine."

"Watatoka wote kwa mpigo, wamelewa."

"Na sisi tutakuwa ndani, tumelewa vilevile. Lile gauni umelishona wiki tatu ili livaliwe na nani? Vaa bwana, teksi nimeshaiita."

Akavaa. Lilikuwa gauni la kijani la hariri, mgongo wazi. Teksi iliwashusha mlangoni kabisa, akavuka zile hatua mbili tatu za lami akiwa ameinamisha kichwa kama mtu anayekimbia mvua. Juu, koti likapokelewa, taa zikapunguzwa, na mabega yake yakaanza kushuka.

Aliyekuwa jukwaani ni yule waliyempenda zaidi, mwanamke mnene mwenye sauti nzito aliyejiita Malkia Zabibu. Alikuwa na vipepeo viwili vikubwa vya mkono, vya manyoya meupe, alivyojifunika navyo, na kila ulipodhani umeona kitu, unagundua hujaona kitu. Alifika mpaka meza ya Heulwen, iliyokuwa kando ya jukwaa, akamnyooshea mguu amfungulie kamba ya kiatu.

"Mikono yako baridi, mpenzi," alisema, ukumbi ukicheka. "Unaniogopa?"

"Kidogo," Heulwen alijibu, na hapo akacheka kweli, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

King'ora cha moto kilipolia, watu walidhani ni sehemu ya mchezo, wakapiga makofi. Halafu harufu ya kuungua ikafika. Tecwyn, mwenye ukumbi, akapanda jukwaani akipiga kelele: "Tokeni! Makoti acheni! Tokeni nje sasa hivi!"

Meinir alikuwa ameshuka chini kuchukua vinywaji. Umati ukaelekea ngazi za mbele. Heulwen, kwa kuwa alikaa kando ya jukwaa, alisukumwa na Tecwyn kwenye mlango wa nyuma pamoja na Malkia Zabibu. Wakashuka ngazi za chuma wakiteleza kwa mvua, na mlango ukajifunga nyuma yao. Kwa nje haukuwa na kitasa.

Walikuwa kwenye kichochoro. Upande mmoja ukuta na mapipa ya taka. Upande wa pili barabara kuu, na barabara kuu ilikuwa nyekundu tupu: mechi imekwisha, na maelfu ya watu wenye jezi walikuwa wakipita wakiimba. Mgongo wa Heulwen ulikuwa wazi, koti liko ghorofani, na simu iko ndani ya koti.

"Tusimame tu hapa," alinong'ona. "Hawatatuona."

Lakini manyoya meupe huonekana gizani. Wanaume wanne waliokuwa wakipita walisimama. Mmoja alikuwa na kofia ya sufu ya mashabiki, yenye umbo la ua la njano.

"Oya, wazee! Njooni muone! Shoo ya bure!"

Wakaingia kichochoroni. Mwenye kofia akainua simu, taa yake ikawapiga usoni.

"Huyu mnene yuko poa. Na huyu mrefu je? Hebu geuka, bibie, tukuone."

"Bibie gani? Tazama hayo mabega!"

"Eti wewe, ni dume au jike? Sema tusikie sauti."

Heulwen akabana midomo. Alijua kwamba sauti yake ikitoka itakuwa ya mwanamume anayeogopa. Shavu lililovunjika likaanza kumuuma, kana kwamba limeshapigwa tena. Akamwangalia Malkia Zabibu, akimsubiri. Huyu si ndiye aliyeweza kumnyamazisha mlevi yeyote ukumbini kwa neno moja? Huyu sasa hivi angewapa jibu wakimbie.

Malkia Zabibu alikuwa amerudi nyuma mpaka ukutani. Alikuwa amevikumbatia vipepeo kifuani kama mtoto aliyetolewa bafuni, na rangi ya macho ilikuwa inamchuruzika.

"Siwezi," alisema kwa sauti ndogo. "Jukwaani naweza. Hapa siwezi."

Neno hilo lilimtisha Heulwen kuliko ile taa ya simu. Hakuna wa kumngojea, basi. Akatazama mapipa, akatazama ukuta. Wakirudi nyuma, wamejifungia wenyewe. Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la chipsi lenye taa kali na foleni mpaka nje, na kwenye foleni kulikuwa na wanawake.

"Nishike mkono," alimwambia. "Usikimbie. Usiwatazame machoni. Tunapita katikati yao."

"Katikati?"

"Hakuna njia nyingine, mama."

Wakaenda. Kisigino kimoja cha kiatu cha Heulwen kilikuwa kinapinda kila hatua. Mwenye kofia akasogea kuwazibia, karibu mpaka harufu ya bia ikamfikia. Mkono wake ukapita mgongoni mwa Heulwen, juu ya ngozi, ukashuka. Mwingine akanyakua kipepeo kimoja, manyoya yakakatika. Heulwen alifumba macho akingoja ngumi.

"We Gethin, waache," mmoja wao alimwambia mwenye kofia kutoka nyuma, kwa uchovu tu. "Nina njaa mimi. Twende."

Ngumi haikuja. Walivuka barabara wakigongwagongwa na mabega ya watu, mpaka kwenye mwanga wa duka.

"Foleni iko nyuma!" mwenye duka akafoka bila kuinua kichwa. Kisha akainua. "Ee Mungu wangu. Pita, pita huku ndani, dada. Mpeni huyo mama koti, jamani!"

Mwanamke mwenye jezi akavua koti lake akamvika Malkia Zabibu. Kisha akamgeukia Heulwen.

"Gauni zuri hilo. Umelinunua wapi?"

Heulwen aligeuka kwanza kutazama mlangoni kama wamefuatwa.

Meinir aliwakuta hapo, analia na kutukana kwa pamoja. "Nimezunguka jengo lote! Nimedhani umekufa, mshenzi wewe!" Moto wenyewe ulikuwa pasi ya nywele iliyoachwa juu ya taulo chumba cha kuvalia.

Ukumbi ulifunguliwa tena, wakarudi ndani na onyesho likaendelea, ila Malkia Zabibu hakupanda. Meinir alitaka waondoke. Heulwen alikataa, kwani kuondoka kulimaanisha kutoka nje tena. Alikaa na koti mabegani mpaka mwisho, akapiga makofi wenzake walipopiga, na hakufurahia hata dakika moja.

Teksi ilipofika, mwanamke mmoja aliyevaa suruali na kofia ya sufu alikuwa amesimama mlangoni. Ilibidi aseme ndipo Heulwen atambue kuwa ni Malkia Zabibu.

"Naitwa Eluned," alisema. "Mnaelekea upande gani? Naweza kuingia nanyi?"

Wakabanana watatu kiti cha nyuma. Nyumba ya Eluned ilikuwa ya kwanza, kwenye mtaa usio na mtu.

"Dereva, naomba usiondoke kwanza," alisema akishuka.

"Hatuondoki," Heulwen akamjibu. "Fungua taratibu."

Wakamtazama akihangaika na funguo, akizidondosha, akiziokota. Mlango ukafunguka, ukafungwa. Taa ya ndani ilipowaka, Heulwen ndiye aliyemwambia dereva aendelee.